Siku Mama Mkwe Alipopaka Taa za Pikap Mafuta

Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjaambiwa na watu wengine, maana najua kuna walioona, na kuna mmoja alikuwa na simu juu juu hivi anachukua video: ndiyo, ni mimi. Yule mtu aliyekaa chini kwa vumbi pale kwa ukaguzi wa magari Nakuru, shati jeupe limejaa mafuta, kisha akamrushia mkaguzi maji uso mzima foleni yote ikicheka, ni mimi huyu huyu ninayewanyoa hapa mtaani Free Area kila wiki. Chekeni sasa mmalize, halafu nianze.

Kwanza, pikap si yangu. Ilikuwa ya marehemu baba mkwe, mkulima wa viazi kule Molo, na alipotuacha ikabaki pale nyumbani na mama mkwe, na kwa sababu nimeoa binti yao Wanjiru na nina leseni, nikajikuta dereva wa familia bila kuulizwa. Kazi yenyewe ni moja tu: kila Alhamisi kumleta Mama Nakuru kwa mazoezi ya mkono. Alishikwa na kiharusi mwaka jana. Mguu ulirudi, maneno yakarudi polepole, lakini mkono wa kulia ukakataa kabisa, unalala tu kwa mapaja, na yeye anaufunika na leso ndiyo mtu asiuone.

Na si mnajua kwetu salamu ni mkono wa kulia. Sasa Mama ni mtu wa salamu, yule wa kusimama mlangoni mwa kanisa anasalimia watu wote mpaka mtoto aliyebebwa mgongoni, huyo sasa afanyeje, atoe wa kushoto? Aliona ni kudharau watu. Basi akaacha kanisa, akaacha chama cha akina mama, wageni wakija anajifanya amelala. Hiyo Jumatano jioni nikifika Molo (huwa nalala huko ndiyo tutoke mapema) Wanjiru, ambaye anakaa huko akimtunza mama yake, akanivuta jikoni akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama amesema kesho ndiyo mwisho. Anasema huo mkono umekufa, tuuache tu." Na daktari alikuwa ametuambia wazi kabisa kwamba akiacha mazoezi sasa, mkono utabaki hivyo hivyo.

Sasa ona bahati yetu: kesho hiyo hiyo asubuhi ndiyo pikap ilikuwa imepewa nafasi ya ukaguzi, kabla ya mazoezi, maana stika ya ukaguzi ilikuwa inaisha mwisho wa mwezi. Nikajua gari ikianguka huo ukaguzi Mama atasema, "Si mnaona? Hata gari imekataa," na hapo hatumtoi tena kwa nyumba.

Gari ilikuwa sawa, breki sawa, magurudumu sawa, shida ilikuwa taa za mbele. Ile plastiki ilikuwa imezeeka ikawa ya njano na ukungu, ukiwasha ni kama mtu amefunika tochi na blanketi. Fundi mmoja hapa Nakuru alikuwa ameniambia nimpelekee azisugue na mashine halafu azipulizie dawa ya kuzikinga, nikamwambia nitafikiria. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeona video. Nikajiambia, mimi ni kinyozi jameni, kazi yangu ni kulainisha vitu, na taa ni kichwa tu cha plastiki! Hapo ndipo mambo yalipoharibikia, hayo mengine yote yalijileta yenyewe.

Asubuhi nikaingia stoo nikapata msasa wa baba mkwe, ule wa mbao, unakwaruza kama ulimi wa ng'ombe (kwa video walitumia msasa laini sana na wakabadilisha mara nyingi, lakini nikaona hao ni watu wenye wakati). Nikasugua. Ile njano ikatoka kweli! Nikamwaga maji, taa zikakaa safi mpaka nikaanza kupiga mluzi, nikamwita Wanjiru aje aone mume wake. Alipofika maji yalikuwa yameanza kukauka, na zikikauka zinageuka nyeupe, nyeupe, mpaka zikakaa kama bakuli mbili za maziwa mala.

"Umezifanyia nini?"

"Bado sijamaliza."

"Hizo ni taa ama ni mayai ya kuchemsha?"

Mama alikuwa kwa kiti chake mlangoni anaota jua, ametuangalia muda wote. Mara akashika bakora yake akainuka, akaenda pole pole mpaka kwa zizi, akarudi na kopo la mafuta ya kukamulia, lile la kulainisha chuchu za ng'ombe, amelibana kwapani. Akasimama mbele ya pikap akaitazama vile unavyotazama mtoto ambaye amelala kwa majirani akarudi hajapakwa mafuta.

"Mwanangu," akaniambia, "hii ngozi imekauka. Wacha nipake."

Sasa niambieni, nani anamwambia mama mkwe hapana? Mimi hata chai nikiwa mbele yake nakunywa bila kutoa sauti. Na kwa huyo mama hakuna mtoto aliyewahi kutoka lango lake na uso mkavu, wote walipelekwa shule wanang'aa mpaka shingoni, na Wanjiru wangu mpaka leo hawezi kwenda dukani kabla hajajipaka. Kwa hivyo nikasema, "Sawa, Mama," nikasonga kando.

Akaegemeza bakora kwa bampa. Akabana kopo kwa tumbo na mkono wa kushoto. Halafu leso ikaanguka, na ule mkono wa kulia ukainuka. Haki ya Mungu uliinuka. Ukaingia kwa kopo, vidole vikatoka na mafuta, ukaenda mpaka kwa taa ukaanza kuzunguka, pole pole, unatetemeka, vile mtu anapaka mashavu ya mtoto. Na taa ikafunguka! Ikawa safi mpaka balbu unaiona ndani. Mimi nilikuwa naangalia taa kama mjinga, ni Wanjiru aliyekuwa anaangalia mkono, amesimama na sufuria mkononi machozi yanamtoka, na akanionyesha kwa macho kwamba nisiseme kitu. Tuliogopa tukisema, mkono utasikia.

Alipomaliza ya pili akaokota leso akaufunika tena, akarudi kwa kiti kana kwamba hakuna kitu kimetokea. Mimi najua mafuta na vumbi vikikutana vinafanya nini, si mtoto. Lakini nichukue kitambaa nifute kazi ya ule mkono, mbele yake? Nikaona bora nianguke.

Tukaondoka, mimi na Mama, na kweli vumbi lilikuwa linatungoja. Ilikuwa kiangazi, barabara ya kutoka kwao haina lami, na mbele yetu kulikuwa na lori la viazi ambalo dereva wake alikataa kabisa tupite. Nilipofika Nakuru nikashuka kuangalia, wueh! Kila taa ilikuwa imevaa vumbi nene kama chapati ambayo haijaingia kwa kikaango. Nyuma yangu kwa foleni kulikuwa na jamaa wa lori la kabeji, akatoa kichwa dirishani.

"Niaje boss, hiyo gari imetoka kulima?"

Nikajifanya sijasikia. Nikafuta na leso ya mfukoni, vumbi likawa matope. Nikafuta na viganja, matope yakahamia kwangu. Mara nikasikia tunaitwa tusonge mbele, nikakimbia nishike mlango, na mkono wenye mafuta ukateleza kwa ile hendo, na mimi nilikuwa nimevuta kwa nguvu zangu zote, basi nikaenda kinyumenyume nikakaa chini puu! Nikainuka nikapangusa mikono kwa shati, lile jeupe nililovaa ndiyo nionekane mtu wa maana. Mama akaniuliza, "Umeumia?" Nikasema, "Hapana Mama, nilikuwa naangalia gurudumu."

Mkaguzi alikuwa kijana mrefu, suruali imepigwa pasi vizuri, hana mchezo. "Washa taa." Nikawasha. "Full." Sasa ile swichi ya full, ya mwanga mkali, na ile ya kuosha kioo ziko karibu, vidole vikateleza, na kimrija cha maji cha hiyo pikap kimeangalia kando tangu enzi za baba mkwe. Kikamrushia maji uso mzima. Foleni ikalipuka. Mimi kutafuta ya kuzima, nikawasha waipa, zikaanza kulia kwa kioo, nikibonyeza hapa honi inalia, nikigusa pale indiketa, aki nilitamani hiyo gari inimeze.

Mkaguzi akajipangusa, akaenda kwa taa akapitisha kidole, akakinusa. Akakinusa tena.

"Hii ni mafuta ya kukamulia," akasema. (Huyo alilelewa na ng'ombe, hilo sina shaka.)

"Boss, inatoa lita ngapi?" jamaa wa kabeji akapiga kelele, na watu wakashikilia mbavu.

"Nani amepaka gari mafuta ya ng'ombe?"

"Ni mimi, mkubwa," nikasema, na ningeapa hivyo hata kwa mahakama.

"Si yeye."

Sauti ilitoka upande wa pili wa gari, ya polepole lakini imesimama. "Wacheni kumcheka huyo mtoto. Ni mimi nimepaka." Halafu dirishani ukatoka mkono. Wa kulia. Bila leso. Unatetemeka, unang'aa mafuta, akaupandisha mpaka ukafika usawa wa bega, akaushikilia pale watu wote wauone. "Na huu ndio mkono."

Kicheko kikakatika. Hawakujua kitu, wangejulia wapi, lakini ni vile aliushikilia. Na mkaguzi, sijui kama alifikiri anasalimiwa, si mnajua mama wa umri huo akinyoosha mkono huwezi kuuacha hewani, akapangusa wake kwa suruali, akazunguka, akainama kidogo akaushika na mikono yote miwili.

"Habari yako, mama?"

"Nzuri, mwanangu. Umelowa, pole."

Na yule kijana hakuuachilia haraka. Jamaa wa kabeji naye akashuka, akavua kofia, akaja akasalimia, akaomba msamaha kwa maneno yake. Halafu aliyekuwa nyuma yake, halafu mwingine, maana huwezi kuona wenzako wanasalimia mzazi ukabaki umekaa kwa gari. Mama anashika kila mkono, anauliza kila mtu anatoka wapi na nyumbani wako aje. Mimi niko pale nyuma ya usukani nalia kama mtoto, najipangusa macho na mikono ya mafuta, naona ukungu pande zote.

Basi mkaguzi akarudi kwangu na uso wake wa kazi. "Boss, gari imeanguka. Peleka hizo taa kwa fundi." Na alisema haki, singeweza kumlaumu. (Nilipeleka, zikasuguliwa na mashine, zikapulizwa dawa, na wiki iliyofuata tukapita vizuri. Na nimeapa mbele ya Wanjiru kwamba sitashika msasa tena maishani mwangu, hata wa kusugua kucha.)

Lakini hiyo siku nilitoka pale moyo uko chini. Nikaegesha kando ya barabara kwanza nitafute maneno, maana nilijua sasa atasema turudi nyumbani, na atakuwa amepata sababu.

"Mama," nikasema, "unisamehe. Tumeanguka."

Akaniangalia. Mkono ulikuwa kwa mapaja, wazi, na leso iko chini kwa miguu hata hajaishughulikia.

"Gari ndiyo imeanguka," akasema. "Mimi nipeleke mazoezi, tumechelewa."