Nilipoazima Jina la Mama Mkwe

Naona haya hata kuwasimulia, lakini afadhali mkisikie kwangu hiki kisa kuliko sokoni Khayega, maana huko kimeshafika.

Mnajua mimi na Benard tulikuwa tunatafuta mtoto, na mama yake alikuwa ananiita tasa mbele za watu, ameshaanza hata kumtafutia bibi wa pili. Kwa hivyo tulipoenda kupimwa uzazi kliniki hapa mjini, Benard aliniapisha: mama asijue! Sasa mimi nikajifanya mjanja. Karani aliponiuliza jina nikaogopa kutoa langu (hapa mtaani Amalemba tunajuana sana, na huyo karani alikuwa ananiandika huku anapiga umbea kwa simu), nikatoa la kwanza lililonijia: Felistas Khavere. La mama mkwe! La Benard, ole wangu, nikasahau kulificha.

Siku ya majibu nimeketi chini ya tangazo kubwa kwamba siri ya mgonjwa inalindwa na sheria, mara nani anaingia? Mama mkwe, katoka kwake Lurambi kufuata dawa zake za presha. Nikajifunika leso hadi puani, nikajifanya nasinzia.

"Felistas Khavere!" nesi akaita.

Ningeinukaje? Akainuka yeye, akaingia nyuma ya pazia (mlango hakuna, sheria yenyewe inalindwa na pazia), na nesi, bila hata kuinua macho, akaanza kwa sauti ya muuza mitumba: "Mama, wewe huna shida, mayai yako ni mazuri kabisa. Shida iko kwa mzee. Mbegu za Benard ni chache na hazina nguvu."

"Benard gani?"

"Si mume wako?"

"Wewe! Benard nimemzaa mimi!"

Jamani! Benchi lote likageukia pazia, hata aliyekuwa anakohoa akaacha. Mama akatoka, akaangaza macho, akaniona. Leso yenyewe ni yeye aliyeninunulia.

Nikakimbilia kwa nesi kuomba majibu yangu, nikamweleza lile jina ni la uongo. Akakumbatia faili kifuani. "Pole, dada. Hiyo ni siri ya mgonjwa. Mpaka Felistas akubali."

Siri! Na kila mtu pale alishaijua!

Mama mkwe akanitazama, akatazama benchi zima.

"Mpe," akasema. "Huyu ndiye bibi ya Benard. Hana mwingine."

Siku hizi nikienda kliniki natoa jina langu lote, tena kwa sauti. Sina tena wa kumficha.