Bubu Ndiye Mwenye Birika

Fundi cherehani huyu watu walimwita Mama Turufu, na jina halikumkaa bure. Aliweza kukupima kiuno kwa jicho, akakata kitambaa huku anakuuliza habari za watoto, na bado akakumbuka kwamba Jumamosi iliyopita ulimtupa mfalme wa kopa mahali ambapo karata ndogo ingetosha. Hilo la mwisho hakulisema. Alikuwa na adabu zake.

Klabu ya briji aliianzisha na marehemu mumewe, katika chumba cha juu cha ukumbi wa jamii. Mume alipofariki, watu walidhani klabu nayo itamfuata. Mama Turufu akajitwisha yote: ufunguo, karata, vitambaa vya kijani vya meza alivyovishona mwenyewe, chupa mbili za chai na sukari yake. Alifika kabla ya wote, akafagia, akapanga viti, akachomeka kadibodi chini ya mguu wa meza iliyoyumba. Mtu akitaka kumsaidia, jibu lilikuwa moja: "Kaa, kaa, mimi nipo." Mwenyewe alicheza kwa nadra, na chai yake aliinywa imepoa, tena amesimama.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, ni hivi. Watu wanne hukaa wawili wawili, mtu na mwenzake wakitazamana. Kwanza hunadi, kila upande ukijigamba utashinda raundi ngapi. Upande ukiupata mnada, mmoja hucheza, na mwenzake huzilaza karata zake zote mezani, wazi, kisha hunyamaza mpaka mkono, yaani karata zilizogawiwa mara hiyo, uishe. Huyo ndiye bubu. Haruhusiwi kusema, kukonyeza wala kuguna. Wapo watu ambao kwao hiyo ni adhabu kubwa kuliko kifungo.

Basi pamoja na ukarimu wote huo, watu walipungua. Dereva wa lori alipotea. Muuza vitabu akaja na mkewe, kisha bila mkewe, kisha hakuja. Chumba kilichowahi kujaa kikabaki na meza mbili, na kwenye mojawapo alikaa Mhasibu, mzee mstaafu ambaye kila mkono ukiisha alimweleza mwenzake makosa yake yote tangu karata ya kwanza.

Msimamizi wa ukumbi, mtu mpole mwenye mazoea ya kuzungusha funguo kidoleni, akapanda ngazi siku moja.

"Mama, sipendi kusema haya," alisema. "Kuna kikundi cha mazoezi kinataka chumba hiki. Wako wengi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi nitapita. Nikikuta mmejaa, chumba ni chenu. Nikikuta viti vinaangaliana vyenyewe, itabidi niwape wao."

Mama Turufu aliitikia vizuri, akafunga mlango, akalia. Katika chumba kile ndimo alimosikia kicheko cha mumewe mara nyingi kuliko nyumbani. Kukipoteza kungekuwa kumzika mara ya pili.

Akazidisha juhudi. Akaoka keki. Akawapigia watu simu akiwabembeleza mmoja mmoja. Walikuja, wakala, wakasifu, wakaenda zao. Na alipokuwa akishuka ngazi na kapu la vikombe mkono huu na chupa za chai mkono ule, kwa kuwa hakutaka kupokewa hata kimoja, akakosea kidato. Vikombe vilivunjika vitatu. Kifundo cha mguu nacho hakikubaki nyuma.

Jumamosi iliyofuata alikuwa kitandani, mguu umefungwa plasta, ufunguo mkononi. Aliyekuja kuuchukua ni wifi yake, dada wa marehemu, mwanamke ambaye ulimi wake haukuwahi kupata likizo.

"Wifi, lete ufunguo. Au unangoja mguu upone uende wenyewe?"

"Chai nani atapika? Na ile meza ya dirishani ina—"

"Ina kadibodi. Najua. Nimeichungulia miaka yote, sina kazi nyingine mle ndani."

Alirudi jioni, akavua viatu, akajitupa kwenye kiti. Mama Turufu alikuwa tayari kwa msiba.

"Tulikuta meza hazijapangwa," wifi alisema. "Tukatazamana kama wageni waliokosea harusi. Mwisho tukapanga. Tukaanza kucheza, hakuna chai. Mimi nikawa bubu. Nimekaa, mdomo umefungwa, mikono haina kazi, birika liko pale linanitazama. Nikainuka nikachemsha maji. Mkono uliofuata bubu akawa Mhasibu. Nikamwonyesha birika."

"Mhasibu akapika chai?"

"Mbaya sana. Lakini alipika, wifi, na muda wote huo hakumgombeza mtu, maana alikuwa anatafuta sukari. Kisha meza ya pili ikakosa mtu wa nne, fundi bomba wa meza hiyo mwenyewe akampigia simu dereva wa lori. Akaja na nguo za kazi. Unajua kwa nini aliacha kuja?"

"Kwa nini?"

"Anasema kwako alikuwa kama yuko hotelini. Hotelini mtu haendi kila wiki. Nani atamkumbuka asipokwenda?"

Kusema kweli Mama Turufu aliumia. Miaka yote amejivunja mgongo kwa ajili yao, kumbe bila yeye mambo yanakwenda, tena dereva anarudi! Aligeukia ukutani akajifanya ana usingizi. Wifi hakudanganyika.

"Nuna ukimaliza unisikilize. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe wageni wetu umewapa keki mpaka siku ya mia."

Methali hiyo Mama Turufu aliijua tangu utotoni, ila hakuwahi kufikiri kwamba inamhusu yeye mwenye nyumba. Aliitafuna usiku kucha. Asubuhi alicheka peke yake, na alipocheka kinyongo kilipungua, si chote, lakini cha kutosha kuipisha akili.

Wiki iliyofuata alipelekwa ukumbini kwa magongo, akakalishwa kitini, na kwa mara ya kwanza hakuinuka. Ilimwia vigumu. Alipoona fundi bomba anakikunja kitambaa cha kijani ovyo, aliuma midomo. Akatangaza sheria moja tu: bubu wa kila meza ndiye mwenye birika, akishalaza karata, anainuka kuhudumia chumba. Meza yoyote ikikosa mtu, wenye meza wamtafute wenyewe. Naye Mhasibu, kwa kuwa alikuwa na maneno mengi, akapewa meza ya wanaojifunza, waliokuja na kiu ya kuambiwa makosa yao. Mzee alinawiri. Wanafunzi wake walimwandama kwa maswali mpaka akaomba maji.

Na watu, ukiwapa kazi, huleta watu. Muuza vitabu alirudi na mkewe, kwa kuwa mke alitaka kuona kama kweli mumewe anaosha vikombe. Alikuwa anaosha. Dereva alileta utingo wake. Fundi bomba alileta mama mkwe, ambaye aliwafunga wote.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, msimamizi alipofungua mlango, alisimama. Meza zilifika hadi dirishani. Mvuke wa birika, makelele ya mnada, Mhasibu akisema "fikiri kwanza" kwa sauti ya upole ambayo hakuna aliyejua anayo.

"Nani mwenyeji hapa?" aliuliza.

Mama Turufu alikuwa ameshalaza karata zake. Akafungua mdomo, na wifi yake aliyeketi mbele yake akainua kidole.

"Bubu hasemi."

Kwa hiyo hakusema. Lakini mikono iliinuka: wa fundi bomba, wa mke wa muuza vitabu, wa Mhasibu, wa dereva, wa utingo aliyeanza wiki iliyopita. Kila mmoja alidhani ameulizwa yeye. Mama Turufu aliitazama mikono ile, machozi yakamtoka mbele ya watu, wala hakuyafuta.

Msimamizi alicheka, akatia funguo mfukoni. "Basi chumba ni chenu. Kikundi cha mazoezi nitakitafutia kule chini."

Makofi yalipigwa mpaka meza ya dirishani ikatema kadibodi yake. Naye msimamizi alipotaka kuaga, dereva alimshika mkono: meza yao ilikuwa na watu watatu. Akakalishwa, akafundishwa harakaharaka na Mhasibu, na mwenzake akaupata mnada.

"Laza karata zako," Mhasibu alimwambia. "Vizuri. Sasa wewe ni bubu. Birika lile pale, na yule mama mwenye magongo hajanywa."

Msimamizi wa ukumbi aliinuka, akamimina, akapita katikati ya viti vilivyojaa na kikombe mikononi. Mama Turufu alikipokea akiwa ameketi, akapiga funda moja, na chai ikamuunguza ulimi.