Siku Treni ya Mvuke Iliposimama Fort Ternan

Mume wangu alipofariki, hakuna aliyekuja kunitoa katika nyumba ya reli. Kazi yake ilikuwa kubadilisha njia za treni pale stesheni ya Fort Ternan, na baada yake hawakuandika mtu mwingine. Treni zilikuwa zimepungua. Nyumba za wafanyakazi zilibaki tupu moja baada ya nyingine, mbuzi wakaanza kulala katika vyumba ambamo zamani watu walilea watoto, na mimi nikabaki katika ile ya mwisho, upande wa bonde. Stesheni masta, mzee aliyekuwa karibu kustaafu, aliniambia, "Kaa tu, mama. Wakitaka nyumba yao watasema." Hawakusema.

Kwetu ni Sigowet, na si mbali. Ningeweza kurudi. Lakini ndugu zangu walikuwa wameshagawana shamba, na mwanamke anayerudi kwao bila mume na bila mtoto hupewa kitanda jikoni na maswali yasiyokwisha. Kwa hivyo nilikaa. Asubuhi nilikamua ng'ombe wangu, nikapeleka maziwa kwenye hoteli ya sokoni, nikarudi. Kuna siku jua lilizama nikagundua kwamba tangu asubuhi sikuwa nimesema lolote ila salamu ya "chamgei" kwa mwenye hoteli na kumgombeza ng'ombe. Redio ya mume wangu iliisha betri, na sikununua nyingine. Sauti za watu wanaocheka ndani ya sanduku zilinifanya nione nyumba ni kubwa zaidi.

Hayo yalikuwa katika miaka ya tisini. Siku moja stesheni masta alikuja mpaka mlangoni kwangu, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo, akanieleza kwamba treni ya watalii ingepita kwenda Kisumu. Ingevutwa na injini ya mvuke, moja ya zile za zamani zilizokaa miaka mingi bila kazi, sasa imetengenezwa na kupakwa rangi upya. Ingesimama kwetu kunywa maji. Tangi la stesheni lilikuwa limeoza kwa kutu, kwa hivyo lori la maji lingepanda kutoka upande wa mashamba ya miwa.

"Uje uone," akasema. "Usikae ndani siku hiyo."

Siku yenyewe tuliisikia kabla hatujaiona. Ilikuwa ikiteremka kutoka Kipkelion, inapumua kama ng'ombe mgonjwa, na moshi mweusi ukatokea juu ya miti. Wazee walivua kofia. Watoto wa shule ya msingi walikimbia kuilaki, kisha ilipokaribia wakakimbia kurudi. Ilikuwa nyekundu iliyokolea, ndefu kuliko nilivyodhani, na iliposimama joto lake lilitufikia usoni.

Wageni walishuka na kamera zao. Halafu treni ikarudi nyuma bila wao, ikapotea kwenye kona, na sisi tukadhani imewaacha. Kumbe ilikwenda kuchukua nafasi ili ije tena kwa mbio, inatoa moshi na kupiga honi, waipige picha. Mama mmoja kando yangu alishika kiuno akacheka. "Hawa wamekuja kutoka Ulaya kupanda treni, na sasa wanashuka kuiangalia ikienda!" Tulicheka wote. Nilikuwa sijacheka na watu kwa muda mrefu, na nilipoisikia sauti yangu nikanyamaza, nikarudi kusimama kwenye ua wangu.

Hapo ndipo nilipomwona. Alikuwa mama Mhindi, mzee, amevaa suruali na gauni refu la Kihindi, sweta ya kijivu juu yake na raba nyeupe miguuni. Hakuwa na kamera. Alikuwa akitembea kando ya reli kuelekea kwenye nyumba, anazinyooshea kidole moja moja huku akinong'ona kitu. Alipofika kwangu alisimama.

"Hodi, mama."

"Karibu."

"Wewe iko kaa hapa?"

"Ndiyo, nakaa hapa."

"Mimi nazaliwa hapa," akasema, akashika nguzo ya ua. "Hii nyumba ya mwisho. Baba yangu alikuwa karani ya stesheni."

Kiswahili chake kilikuwa cha zamani, cha kukatika katika, lakini kilimtoka bila kufikiri. Aliniambia waliondoka yeye akiwa msichana, wakahamia Nakuru, kisha ng'ambo, na hakuwahi kurudi. Watoto wake ndio waliosikia habari za treni ya watalii wakamkatia nafasi.

Nilimkaribisha ndani. Aligusa mlango, akagusa ukuta, akacheka. "Ilikuwa nyumba kubwa hii! Kubwa sana!" Nilimwonyesha vyumba viwili, akaingia kila kimoja na kutoka akiwa bado anacheka. Kisha tukaenda jikoni, akasimama mbele ya dirisha dogo linalotazama nyuma ya nyumba, na kicheko kikaisha.

"Mama yangu alisimama hapa," akasema. "Kila siku."

"Alikuwa akiangalia nini?"

"Mtoto."

Alinieleza pale pale, mkono wake ukiwa kwenye dirisha. Alikuwa na kaka mdogo aliyekufa kabla hajajua kutembea. Watu wao huchoma maiti, lakini mtoto mdogo namna ile huzikwa. Baba yake alimzika nyuma ya nyumba, karibu na mpera. Walipopewa uhamisho, mama yake alilia kutoka Fort Ternan mpaka Nakuru. Hata alipokuwa mzee wa kulala kitandani, katika nchi ya baridi, mbali kabisa, aliuliza: sasa nani anamwangalia?

Tulitoka nje. Hakukuwa na mpera. Kulikuwa na mboga, sukuma wiki na managu, mistari yangu niliyoipalilia vizuri, na jembe likiwa limeegemea ukuta. Nilishindwa kumtazama. Miaka yote ile nilikuwa nikilima pale, na hakuna aliyewahi kuniambia.

"Mti ulikuwa wapi, mama?" nikamuuliza.

Alizunguka, akatazama dirisha, akatazama bonde, akatikisa kichwa. "Sijui. Sijui tena. Ilikuwa rahisi kujua."

Nikakumbuka kwamba kwenye kona moja, karibu na seng'enge, jembe langu hugonga mzizi mgumu kila msimu. Nilimshika mkono nikampeleka. Nilichimba kwa vidole, udongo ukatoka, na chini kikaonekana kisiki cheusi, kimeoza nusu. Alichuchumaa taratibu, magoti yakimuuma, akaweka kiganja chake juu ya udongo.

"Labda," akasema.

Nilianza kung'oa sukuma iliyokuwa karibu. Akanishika mkono. "Acha. Acha ikae." Baada ya kitambo akauliza, "Iko maziwa?"

Nilimletea kikombe cha maziwa ya asubuhi ile. Aliyamimina kidogo kidogo, akisema maneno ya kwao. Nilikuwa nimesimama, kisha nikaona si vizuri kusimama wakati mtu yuko katika mambo yake ya msiba. Nikachuchumaa kando yake. Kule stesheni watu walikuwa wakipiga kelele na maji yakimwagika kutoka kwenye bomba la lori.

"Bwana yako wapi?" akaniuliza.

"Alikufa. Alizikwa kwao, mbali, upande wa Kakamega."

"Unaenda kumwona?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Hawanitaki kule."

Hakusema pole. Alitazama kisiki kile, akafuta mikono yake kwenye sweta. Treni ikapiga honi. Hakuinuka. Ikapiga tena, ndefu, na kijana aliyekuwa akiwaongoza watalii akaja mbio akipita katikati ya mboga zangu. "Mama, tafadhali! Tunakungoja wewe tu!"

Nilimwinua. Alikuwa mwepesi. Tulipofika kwenye ua alisimama tena.

"Wewe peke yako hapa?"

"Peke yangu."

"Mama yangu pia," akasema. "Baba iko kazini, sisi iko shule. Yeye hakujua lugha ya mtu yeyote hapa."

Kisha akaenda, kijana yule akimshika kiwiko. Sikuona alipoketi. Treni iliondoka kwa vishindo, madirisha yakapita yamejaa mikono inayopunga, na nikapunga hivyo hivyo bila kujua nampungia nani. Watu walitawanyika. Moshi ulibaki umetanda bondeni mpaka alasiri, na shuka nilizokuwa nimeanika zilipata masizi, ikanibidi nizifue tena. Nilifua nikilia. Namlilia nani, sijui: mtoto yule, mama yake dirishani, au mimi.

Stesheni masta aliuliza yule Mhindi alitaka nini. Nikamwambia alikuja kuona nyumba.

Mwezi wa Desemba nilimwachia mke wa stesheni masta ng'ombe wangu, nikafunga safari kwenda kwa wakwe zangu. Mara ya mwisho kufika kule ilikuwa siku ya mazishi, na shemeji yangu alikuwa amesema mbele ya watu kwamba mwanamke asiyeacha mtoto hana kitu cha kurudia. Nilifika mchana. Shemeji huyo alinipita getini bila kunisalimu. Nilikwenda moja kwa moja mpaka kwenye kaburi, lililo karibu na migomba, nikiwa nimejiandaa kukuta kichaka. Nilikuta limepaliliwa. Udongo ulikuwa safi, kingo zimenyooshwa.

Nilisimama pale sijui nifanye nini.

Mama mkwe alitoka jikoni na kigoda. Alikiweka karibu nami, yeye akaketi chini. Kuku walichakura miguuni petu.

"Tulidhani umeolewa," akasema mwishowe.

"Hapana, mama."

"Ulikuwa wapi basi?"

"Pale pale aliponiacha."

Aligeuka akanitazama vizuri, kwa mara ya kwanza tangu siku nilipoolewa. Baadaye alinipa chai na ndizi za kuchemsha, tukala, na hakuniambia nilale wala hakuniambia niende. Jua lilipoanza kuteremka niliaga mwenyewe. Nilipofika barabarani nikageuka. Alikuwa amerudi kaburini, ameinama kando ya kigoda kitupu, anang'oa nyasi chache zilizokuwa zimeota.