Kulitazama Jua Matonge

Mimi sina subira, na Jumamosi ile mawingu yalinikomesha. Tulikuwa tumesimamisha darubini kwenye barabara ya Chaussée de Wavre, mbele ya duka la vitenge, mimi na mzee mmoja Mbelgiji, kiongozi wa kikundi chetu cha kuwaonyesha watu anga. Mbele ya darubini tulifunga kioo maalumu cha kukinga macho, ili mtu aweze kulitazama jua lenyewe mchana kweupe. Kuja Matonge, mtaa wa Waafrika hapa Ubelgiji, lilikuwa wazo langu. Nilikuwa nimemwapia mzee kwamba watu wangu watakuja. Hii ilikuwa mara ya tatu, na hakuna aliyesimama. Asubuhi aliniambia kwa upole kwamba leo wasiposimama, mwezi ujao tunahamia mtaa mwingine, Ganshoren. Upole wake uliniudhi, bora angefoka.

Basi nikaanza kuwarukia wapita njia. "Njooni mulione jua! Ni bure!" Neno bure likawafukuza zaidi. Walikaza mwendo na mifuko yao ya sombe, majani ya muhogo, wakidhani nina dini mpya au karatasi ya kutia sahihi. Kila mara nilitazama juu. Wingu kubwa lilikuwa linakuja, nami nilitaka kulia kwa hasira.

Maman mmoja wa makamo, mwenye kilemba cha kijani, nilimshika hadi mkono. Akautoa taratibu.

"Mutoto, hata jambo hausemi? Unaanza tu na jua?"

Niliona haya hadi masikioni. Miaka ya hapa imenizoesha kusema na watu kama tangazo. Nikaanza upya, nikampa mikono yote miwili.

"Jambo, maman. Muko bien?"

"Bien. Unatokea fasi gani?"

"Bukavu, maman. Kadutu."

"Ah bon! Na mama yako?"

"Iko kule, iko muzuri."

Akauliza habari za baba, za wadogo zangu, za kazi yangu ya kutunza wazee kule Saint-Gilles. Nilijibu huku mguu unanicheza, jicho moja kwenye wingu. Hatimaye akainama kwenye darubini.

"Ni hii jua yenye ilitupika mu njia, tukikimbia na batoto?"

"Ni ile ile, maman."

"Wakati ile yote ilikuwa inatuangalia. Donc leo na miye niko naiangalia."

Akageuka, akawaita wenzake waliokuwa dukani kwa sauti ya sokoni. Wakatoka, wakapanga mstari, na papo hapo wingu likafunika kila kitu.

Mzee akaanza kukunja miguu ya darubini. Mimi nami nilikuwa nimeshakata tamaa, nawaomba radhi mmoja mmoja. Maman akaweka mfuko wake chini, akakaa kwenye kizingiti cha duka.

"Ambia papa, huyu muzee, aache," akasema. "Makaratasi ya kukaa hapa tuliyangoja miaka sept, saba nzima. Wingu ni nini?"