Uwanja wa Kumfaa Sekela

Harufu ya majani ya mkaratusi, ule mti tunaouita mlingoti, yakilowa mvua hunijia bila hodi. Juzi nilikuwa Vwawa, mwanangu amelala mgongoni, mvua ndiyo kwanza imekatika, harufu ile ikapanda. Nikasimama njiani kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda. Kimawazo nilikuwa nimerudi Tunduma, nina miaka tisa, na mama yangu anatafuta mahali pa kuchezea mdogo wangu Sekela.

Niwaeleze tulivyoishi. Tulipanga vyumba viwili karibu na maegesho ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Baba aliendesha malori hayohayo, na nyumbani tulimwona kama mgeni. Mama aliuza vitenge alivyovichukua Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Sisi watoto wa mtaa tulicheza palepale kwenye malori, tukipanga vizibo vya soda kati ya matairi marefu kutuzidi, tukivuta harufu ya breki zilizoungua. Honi ikilia tulitawanyika kama vifaranga walioona mwewe. Wote, isipokuwa Sekela. Homa kali ilimpata akiwa bado mdogo, ilipomwachia ikaondoka na masikio yake.

Siku moja lori likarudi nyuma. Honi ikalia, tukakimbia. Sekela akabaki amechuchumaa na vizibo vyake. Mama, aliyekuwa ndiyo anarudi kutoka sokoni, alitupa mzigo wa vitenge kwenye tope akamnyakua. Tairi likapita juu ya vizibo. Mama hakulia. Alikaa chini palepale, amemkumbatia mtoto kwa nguvu mpaka mtoto mwenyewe akaanza kujinasua.

Tangu hapo Sekela akafungiwa ndani. Alipiga mlango kwa viganja mchana kutwa. Majirani wakasema ni afadhali, kwa mtoto wa namna ile. Mama alivumilia siku chache tu, kisha akasema, "Kuku ndiye anayefungiwa bandani. Mtoto lazima akimbie." Basi kila Jumapili baada ya ibada tukawa tunazunguka mji kutafuta uwanja.

Tulianza na bustani ya baa moja yenye bembea na mtelezo mwekundu. Niliona nimefika mbinguni. Mama hata hakuitazama bembea. Alitoa pamba kwenye pochi, akaziba masikio yote mawili, akaanza kutembea taratibu katikati ya uwanja huku mimi nimemshika Sekela mkono. Watu wakaacha kula nyama wakamtazama.

"We mtoto," mhudumu mmoja akaniuliza, "yule mama yako mzima kweli?"

Nikajifanya simjui. Papo hapo bodaboda ikaingia getini na kreti za soda, ikampita mama kwa nyuma karibu imguse. Mama akaruka pembeni, kitenge kikamvuka. Akachomoa pamba.

"Twende. Hapa hapatufai."

Nililia njia nzima kwa ajili ya ile bembea. Jumapili iliyofuata tukaenda uwanja wa shule, mama akaziba masikio tena, na pikipiki zilizokuwa zikikatiza pale zikamshtua tena. Mimi nilidhani anaumwa masikio na anatuficha. Nilimwombea kanisani, kwa bidii kabisa, apone ili turudi kwenye mtelezo. Nilikuwa binti mkubwa nilipong'amua kwamba alikuwa akipita kila uwanja kama ambavyo Sekela angepita, ajue ni kitu gani kingemfikia mtoto bila kumwonya.

Mwishowe mteja wake mmoja akamwelekeza kwenye kanisa lililokuwa mteremkoni, mbali kidogo na barabara kuu. Lilizungushiwa michongoma, na milingoti mirefu nyuma yake. Mlango wa kuingilia ulikuwa mwembamba, wa kupita mtu na Biblia yake. Vitu vya kuchezea vilikuwa tairi la trekta lililofukiwa nusu na lundo la mchanga wa ujenzi, basi. Nilivunjika moyo. Mama akazunguka na pamba zake, akarudi, akazunguka tena. Hakuna kilichomshtua. Akautoa mkono wa Sekela kwenye wangu, akauachia.

Sekela alisimama kwanza, akatutazama kama anayeuliza kama tumekosea. Kisha akatoka mbio. Alipanda tairi, akaruka, akabingirika mchangani, na furaha ilipomjaa akapiga ukelele mkali kama filimbi ya refa. Akapiga tena na tena. Kwaya ilikuwa ikifanya mazoezi nje, chini ya milingoti. Sauti ya kwanza ikapotea, ya pili ikaifuata. Mama mchungaji akaja kwetu akijifuta jasho.

"Karibuni sana, mama. Ila huyu mtoto anapiga kelele, wanakwaya hawaelewani kabisa. Mwambie apunguze."

Nilimwona mama akiokota viatu vya Sekela. Alikuwa tayari kuondoka, kama tulivyoondoka kwingine kote.

"Nisamehe, mama. Hasikii. Hajui kama anapiga kelele."

Mama mchungaji alimtazama Sekela, ambaye wakati huo alikuwa amesimama juu ya tairi, mikono juu, akipayuka mbele ya milingoti. Akageuka.

"Jamani!" akawaita wanakwaya. "Ingieni ndani, mfunge na madirisha. Nje kuna mwimbaji mwingine."

Wakaingia, wengine wakicheka, mmoja akinung'unika kwa Kinyamwanga. Mama aliviweka vile viatu chini. Akaketi kwenye nyasi, akaegemea mlingoti, na kabla sijamwomba maji alikuwa amelala, mdomo wazi. Sikuwahi kumwona mama yangu amelala mchana. Nikaona haya, nikamfunika uso kwa khanga.

Sekela alipayuka, mama akakoroma. Kwaya ikapaza sauti ndani, mama akakoroma. Kisha Sekela akachoka, akakaa mchangani kimya akijimwagia mchanga miguuni. Hapo hapo mama akashtuka, akakaa wima, macho yakimtafuta mtoto.

Nilishangaa mtu wa kulala kwenye makelele na kuamshwa na ukimya. Sasa nina wangu. Akiwa chumba cha pili akibamiza masufuria, mimi nasinzia. Masufuria yakinyamaza tu, tayari niko mlangoni.