Neno la Mtu Mmoja

Siku moja naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku niliyotolewa sebuleni kama mbuzi, nikiwa na digrii yangu ya Kiingereza.

Ilikuwa miaka ile biashara zilipofunguliwa, kampuni za utalii zikajaa Arusha. Binamu yangu Elia, dereva wa watalii, alikuwa amempata Helen, Mwingereza. Kesho yake walikuwa wanasafiri kwenda kufunga ndoa kwao Helen, na Elia hakutaka kuondoka kabla Bibi hajambariki mchumba wake. Tukapanda mlimani hadi kwa Bibi, mimi nikiwa mkalimani.

Bibi akamkataa mkalimani. Kiingereza alifundishwa utotoni na mmisionari, kwa Biblia ya zamani. Akamshika Helen mikono yote miwili, akaanza kumwambia kwamba yeye ni binti yake: “Thou art my daughter…”

Nikakohoa. “Bibi, siku hizi hawasemi ‘thou’. Wanasema ‘you’.”

“Na watu wakiwa wengi?”

“‘You’ hiyo hiyo.”

“Kwa hiyo huyu mtoto nimpe neno la kuambiwa basi zima?”

Elia akacheka. Mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kufundisha. Nikaeleza kwamba ‘thou’ leo inasikika ya kanisani, ya kutukuza, ingawa zamani waliitumia kwa mtu mmoja, wa karibu, tena nyumbani.

“Na hapa ni wapi?” akauliza Bibi. “Stendi?”

Helen hakuelewa Kiswahili chetu. Aliona tu baraka imesimama na watu wanabishana. Akaanza kuiondoa mikono yake taratibu, macho yamejaa machozi, akidhani amekataliwa.

Bibi akaikaza mikono ile. “Umeona? Umemtisha mwenzio. Toka nje, baba. Nikimaliza nitakuita.”

Nikasimama bandani na ng’ombe, ambao hawakunihitaji pia. Nikamsikia akianza upya, ‘thou’ baada ya ‘thou’, polepole, kisha Helen akilia na kucheka kwa pamoja. Nilipoitwa, alikuwa amefungwa kitenge cha Bibi mabegani.

Bibi akanigeukia. “And thou,” akasema, “come and eat.” Nami pia, njoo nile.

Mwanangu, yajue maneno yote, ya kale na ya leo, na tofauti zake. Lakini kabla hujasahihisha neno la mtu, tazama kwanza mikono yake imemshika nani. Nawe, wewe mmoja unayenisoma, Mungu akupe wa kukushika hivyo, na huyo akikutoa nje, asisahau kukuita ule.