Kabichi Zenye Msalaba Kitakoni

Mkulima huyu watu walimwita Nione Kwanza, maana hata mvua haikumwingia akilini mpaka imlowanishe shati. Mwaka ule kabichi zilimzidi. Wachuuzi walizikataa, basi shemeji yake, mdogo wa mkewe, muuguzi aliyestaafu, akawa anakuja kila Ijumaa na mkokoteni wa punda kuzipeleka kwa watu wanaolala njaa kule nyuma ya karakana.

"Bure bure hivi?" Nione Kwanza alimwuliza mkewe. "Mdogo wako haziuzi kweli?"

"Si umwulize. Mdomo unao."

Hakuuliza. Alichukua kisu, akaichora kila kabichi ya msaada msalaba kitakoni, kimya kimya. Jumamosi akajitoma sokoni, akajifanya anatafuta bamia. Meza ya tatu tu, akaiona yenye alama yake. Akageuza nyingine: msalaba. Moyo ukamwenda mbio, nusu kwa hasira, nusu kwa raha ya mtu aliyejua tangu mwanzo. Akaapa kwamba zilizobaki shambani atazifukia kwa jembe.

"Hizi umezitoa wapi, mama?"

"Mzee, unanunua au unakagua vitako?" muuza mboga akamjibu. "Huniletea mama mapacha, yule wa chumba cha mwisho nyuma ya karakana."

Akaenda huko huko. Chumba kilikuwa na kitanda, jiko, na watoto wawili waliomkodolea macho. Akachungulia uvunguni: ndoo tupu na ndala. Shehena hakuna.

"Umetumwa na sista, yule muuguzi anayeleta kabichi?" mama mapacha akauliza, naye akimtazama kwa jicho la pembeni. "Nimetoa mbili, ndiyo, nikabaki na moja. Kabichi bila mkaa wala unga nizifanyeje, baba? Tutafune mbichi kama mbuzi?"

"Sista anajua?"

"Hajui. Naogopa ataninyima."

Akamwonyesha alichopata: mkaa wa kuchemshia chai, na unga usiojaza kikombe. Nione Kwanza akautikisa ule unga, akautazama weee.

"Kwa kabichi mbili?"

"Ndivyo anavyonipa yule wa sokoni, kila wiki."

Ijumaa shemeji alifika akakuta kabichi zimeshakatwa, nyingi kuliko siku zote, na mzigo wa kuni pembeni. Walipomaliza kupakia, Nione Kwanza mwenyewe akapanda juu ya mkokoteni.

"Kumbe bado huniamini, shemeji?"

"Wewe huna neno," akasema, akijiweka sawa. "Tupitie sokoni kwanza. Yule muuza mboga nataka nimwone akipima unga."